Kipimo cha Mama Mkwe

Mume wangu ana duka dogo la baiskeli na sheria moja kubwa: hauzi baiskeli mpaka akupime. Uje umependa nyekundu, uje umependa yenye kengele, yeye anachomoa futi na kukupima mguu, kutoka panapogawanyika mpaka kisiginoni. "Baiskeli ni kama kiatu," huwaambia wateja. "Uzuri wake hausaidii kama inakuumiza." Watu hununa, hupimwa, hununua, na hawarudi kulalamikia magoti. Ndiyo maana lile duka kubwa la barabarani, lenye vioo na feni, halijatufungisha mpaka leo.

Basi siku hiyo nani anaingia? Mama yangu mzazi, futi shingoni.

Mama ni fundi cherehani. Miaka tisa ya ndoa yangu hajawahi kumwita mume wangu kwa jina wala kwa cheo. Ni "huyo wako" tu. Hata suti ya harusi alimshonea bila kumpima, kwa kukisia kwa mbali, na mikono ya koti ikaishia juu kabisa ya vifundo. Picha ziko ukutani, mwenye macho haambiwi tazama. Ilimuuma mume wangu. Najua mimi ninayelala naye.

"Nataka baiskeli ya kupelekea wateja nguo," Mama akaniambia. "Mwambie huyo wako anitafutie."

Mume wangu akashika futi. Akaiacha. Akaishika tena. Ampime mama mkwe, tena kutoka huko panapogawanyika? Akanitazama nimwokoe. Mimi nilikuwa nimeinamia kaunta, mbavu sina.

"Hii itakufaa, Mama," akasema huku ameinamisha kichwa, akamsogezea ya kijani.

Haikumfaa hata kidogo. Mama aliipanda kuijaribu; kwenye kona alitaka kusimama, mguu ukatafuta ardhi ukaikosa, akaingia mzimamzima kwenye kamba ya nguo za jirani. Alirudi akiikokota baiskeli, shati la mtu begani.

"Shati lenyewe limeshonwa ovyo," akasema, akalitupa kaunta. Kisha, kwa mara ya kwanza, akamgeukia mume wangu mwenyewe. "Wateja wote unawapima. Mimi nimekosa nini?"

"Nilikuwa nakuheshimu, Mama."

"Heshima gani ya kuniangusha mbele za watu?" Akavua futi yake, akampa. "Hapa mimi ni mteja. Pima!"

Akapima huku kafumba macho, mimi nikimsomea namba. Alipofumbua, ufundi ukamrudia. Akashusha kiti, akakaza nati, akamwambia Mama aende mpaka kwenye nguzo na kurudi. Akashusha tena nusu kidole. Safari hii Mama alisimama mbele ya mlango, nyayo zote mbili chini.

Hakushukuru. Alikitazama kile kiti kwa muda mrefu, halafu akamtazama aliyekishusha.

"Fundi," akasema.

Mume wangu akageuka kuangalia nani kaingia.

"Wewe. Lete futi yangu, na unyooshe mkono."

Akampima kutoka begani mpaka kwenye kifundo, polepole, kisha akarudia kuhakikisha. Mume wangu alisimama wima, machozi yakimlenga. Mimi nikaacha kucheka, nikaandika namba.