Kijiko Kimoja Kila Siku

Kila asubuhi Osman alikuwa akienda Bungoma, na kila asubuhi alirudi Tuwan, mtaani kwake Kitale, kunywa chai.

Mwaka huo wa 2009 damu ilimganda kwenye mguu wa kushoto, ukavimba hadi suruali ikakataa kupita. Mtu aliyeendesha lori miaka thelathini, leo Mombasa kesho Juba, akalazwa kama gunia. Alipotoka hospitali pale Kitale alipewa tembe na masharti: dawa saa moja jioni bila kukosa, maji mengi, asikae kitako muda mrefu, atembee. Na safari ya gari aisahau kwanza, mpaka kipimo cha damu kitulie mara mbili mfululizo.

Basi akatembea. Kuzunguka uwanja wa shule mara tano, kwa jicho lake la dereva, ni kilomita mbili. Lakini kuzunguka tu kulimchosha roho, kwa hiyo akazipanga kilomita zake juu ya barabara aliyoijua, kutoka Kitale kuteremka hadi Bungoma, kwa Sabiha.

"Leo umelala wapi?" Sabiha humuuliza kwenye simu.

"Kamukuywa."

"Uongo! Si juzi ulikuwa Kiminini?"

"Kule ni mteremko, mama. Nimeweka gari huru."

"Haya, ukipita Kimilili ninunulie vitunguu. Usile njiani."

Wakacheka wote wawili.

Sabiha alikuwa mke wake zamani. Jioni moja ya mwaka 1978 alimpakulia saga, ile mboga chungu ya kwao, aliyoipika kwa maziwa siku mbili mpaka uchungu ukaisha. Honi ya lori ikalia nje. Osman akainuka bila kuonja, akasema atarudi kesho. Kesho hiyo ilikula miaka thelathini na mmoja. Talaka ilikwenda kwa barua. Sabiha akaolewa na mwingine, akafiwa, akabaki na nyumba yake ndogo nyuma ya msikiti. Aliposikia kwamba Osman ni mgonjwa, hakutuma pole. Alituma saga.

Ilikuja kila Ijumaa kwa gari la Kitale, kwenye kopo la kilo mbili lililofungwa kwa kitambaa. Osman alikula Ijumaa, akala Jumamosi, akapangusa kopo kwa kidole. Siku zilizobaki alikula ugali kwa maharagwe, akingoja Ijumaa.

Jirani yake Wakonyo, muuza viazi, alimletea siku moja kikombe kikubwa cha kitunguu saumu na tangawizi, kikali hata kwa pua.

"Kunywa, mzee. Hii inasafisha damu kabisa."

"Daktari alisema nisichanganye vitu na dawa yake."

"Ati? Na hiyo saga ya Bungoma ulimwuliza?"

"Hiyo ni chakula, Wakonyo."

"Na kitunguu ni mbao?"

Neno hilo lilimkaa moyoni, ingawa kikombe hakukigusa. Alipokwenda kupimwa mara ya tatu, kipimo kikakataa tena. Kipkoech, daktari kijana wa kliniki, aliikodolea macho ile karatasi.

"Mzee, damu yako inapanda na kushuka kama bei ya mahindi. Unaruka dawa?"

"Sijaruka hata moja."

"Unakula nini?"

Osman akasema. Akasema mpaka habari ya kidole na kopo, na ya kikombe cha Wakonyo. Kipkoech akaweka kalamu chini.

"Sasa sikiza. Mboga za kijani zina kitu kinachosaidia damu kuganda. Dawa inavuta huku, mboga inavuta kule. Sikukatazi, hata mimi kwetu nimelelewa na saga. Lakini dawa yako napima nikijua unakula kiasi kile kile kila siku. Wewe unamaliza kopo Ijumaa halafu unafunga wiki nzima! Na hayo maji ya kitunguu usianze, yakiungana na tembe utavuja damu. Kwenye mchuzi ni sawa. Mwambie huyo mama asitume kopo zima."

Kusema kwa kinywa ni rahisi. Ijumaa hiyo kopo likaja, Osman akampa Wakonyo. Jioni Sabiha akauliza, "Ilikuwa tamu?"

"Tamu."

Usingizi ulimpaa. Aliwahi kuiacha sahani ya mwanamke huyu mara moja. Akiikataa mara ya pili, nani atamfungulia mlango kule Bungoma? Lakini saga ile ile ndiyo iliyokuwa ikimzuia asiufikie mlango huo. Asubuhi akapiga simu.

"Sabiha. Usitume saga tena."

Kuku alilia upande wa pili.

"Ni chumvi?"

"Si chumvi." Akamweleza yote, na uongo wa jana pia.

"Kumbe ni mimi nilikuwa nakuweka huko."

"Ni ulafi wangu. Ningekula kijiko kimoja kila siku, saa hii ningekuwa kwako."

"Kila siku?"

"Kila siku, kiasi kile kile. Ndivyo alivyosema."

"Mpaka lini?"

"Hakusema lini."

Sabiha alivuta pumzi. "Osman, mimi sipikii tena mtu wa kupita. Nilimpikia mmoja, chakula kikalala. Ukija, njoo kama mtu wa kijiko kila siku. Kama huwezi, zunguka uwanja wako."

Neno "kesho" lilimfika Osman kwenye ulimi. Akalimeza.

Siku hiyo alinunua saga yake mwenyewe sokoni, na maziwa. Akapika, ikawa chungu. Akala kijiko kimoja, akafunika. Kesho yake kimoja. Mtu ambaye hakuwahi kula sufuria moja mahali pamoja siku saba, sasa alijikuta akihesabu wiki tatu. Kipkoech akapima, akatabasamu. "Imetulia. Bado mara moja."

Jioni Sabiha akauliza, "Umefika wapi leo?"

"Niko hapa hapa Tuwan. Siku ya ishirini na moja."

"Unapika na maziwa?"

"Na maziwa."

"Na uchungu?"

"Umebaki. Haifanani na yako."

"Haiwezi," akasema Sabiha. "Unaiondoa motoni haraka." Na hakukata simu.