Skrubu ya Mzee Kimya

Walimwita binti yule Makaa kwa sababu vidole vyake, vyeusi kwa makaa ya kuchorea, havikutakata hata siku za sherehe, na jina likamganda. Siku ya mtihani wa mwisho alirudishiwa mchoro wake wa mgongo wa mtu aliyeinua mkono, ukiwa na alama kubwa ya kosa, imepigwa kwa penseli juu ya bega. Alipewa saa moja kurekebisha. Asiporekebisha, cheti hakuna, na ile kazi ya kuchora mabango ya zahanati, aliyoitolea macho miaka mitatu, angeisikia kwa wenzake tu.

"Umeharibu hapa," alisema mwalimu wa michoro, ambaye kwa siri wanafunzi walimwita Rula. "Mkono umeinuka, sawa. Lakini hili kombe la bega mbona limepinda, limekimbilia kwapani? Nenda kamtazame Mzee Kimya."

Mzee Kimya alikuwa kiunzi cha mifupa ya plastiki, kilichosimama pembeni mwa darasa tangu enzi za wanafunzi ambao sasa ni wazazi. Makombe yake ya bega, ile mifupa bapa ya mgongoni, yalikazwa kwenye mbavu kwa skrubu. Umwinue mkono usimwinue, hayatikisiki. Na darasa zima lilichora hivyo hivyo: mikono iko hewani, migongo imelala usingizi.

"Mwalimu, kwa mtu aliye hai linazunguka," alisema Makaa.

"Nani kakwambia?"

"Mama."

Darasa likaangua kicheko. Wacheke tu. Mama yake alikuwa fundi rangi, miaka ishirini akipaka dari, mkono juu kutwa, na bega likamlipa kwa maumivu. Kila jioni Makaa humsugua mgongo kwa mafuta, mama akiinua mkono taratibu huku akilalamika kwamba binti ana vidole vya koleo. Makaa aliujua mfupa ule unavyoteleza chini ya kiganja, ncha yake ya chini ikisogea kuelekea kwapa, misuli ikijikaza kuuvuta. Sasa aambiwe mgongo wa mama ndio umekosea, plastiki ndiyo imepatia?

"Siwezi kulifuta, mwalimu."

"Basi chora unachokiona pale. Kama kilivyo. Sitaki ubishi."

"Kama kilivyo?"

"Kama kilivyo!"

Makaa akatwaa karatasi mpya, akaketi nyuma ya Mzee Kimya. Akachora ubavu mmoja mmoja, akachora uti wa mgongo, akachora mabega. Hakuacha kitu. Muda ulipokwisha, akaweka karatasi zote mbili mezani.

Rula aliinamia ile mpya, akatikisa kichwa kukubali, kisha akakwama.

"Hii skrubu ya nini?"

"Ndiyo inayolizuia bega lisizunguke, mwalimu. Mama hana."

Safari hii hakuna aliyecheka. Rula alikunja uso. Kisha, polepole, kama mtu anayejikuna, akapitisha mkono wa kushoto chini ya kwapa la kulia mpaka mgongoni, na wa kulia akauinua juu. Akaushusha. Akauinua tena.

"Unakabidhi ipi?" aliuliza, kwa sauti ambayo hawakuizoea.

"Ya mama."

"Haya. Lete kifutio."

Makaa akampa, lakini hakurudi kwenye kiti. Alisimama pale pale, mikono kiunoni, kuhakikisha mwalimu anafuta alama yake tu, na bega haligusi.