Mwanamke wa Kwenye Sinema Hakuua Mtu

Siku mambo yalipoharibika ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na tano Oktoba, mwaka sabini na nne. Asubuhi Sixtus Mbega alimzika mkewe Petronila nyuma ya nyumba yao, katika kitongoji cha Kwamgogo, upande wa Vihingo. Mchana lori likaja kuwahamisha. Udongo wa kaburi ulikuwa bado mbichi, wafiwa hawajakaa hata kitako. Mgambo wakasema kijiji kipya kinawangoja na lori halingoji mtu. Wakapakia kuku, wakapakia vinu na milango, na mwisho wakampakia mfiwa mwenyewe, mkeka wa matanga kaukunja kwapani kama mwizi aliyekamatwa na alichoiba.

Matanga yakafa hivyo, hayakuanuliwa. Na kwa watu wa Kwamgogo, kama ndugu wa marehemu hawajafagia kaburi, na mfiwa hajanyolewa palepale penye msiba, basi msiba haujaisha, hata umpeleke huyo mfiwa Ulaya. Kwa hiyo Sixtus alifika kijiji kipya huku Marui, akapewa kiwanja chake kwenye mstari ulionyooka kama kamba ya mwashi, akajenga kibanda kama wenzake, lakini kitandani hakupanda. Alilala chini, kwenye mkeka uleule. Wembe haukumgusa. Kufika Agosti ya mwaka uliofuata kichwa chake kilikuwa msitu.

"Mtani," Mwinyimadi, jirani yake na mtani wake wa ukoo, alimwambia, "chawa wako nao wameshagawiwa viwanja, au bado wanaishi ovyo ovyo porini?"

"Wao wana bahati," Sixtus akajibu. "Wanaishi wanapotaka."

Mara kwa mara alikwenda kwa Bernard, mwenyekiti wa kijiji, kuomba ruhusa ya kurudi Kwamgogo akaanue matanga. Mara kwa mara Bernard alimpa jibu moja.

"Mzee Sixtus, watu hawarudi mahameni. Ndivyo ilivyoamriwa. Halafu hizo mila ndizo zinazoturudisha nyuma."

"Mimi nimerudishwa nyuma na lori, Mwenyekiti. Mila haina magurudumu."

Kisha, wiki moja ya Agosti hiyo, likaja jambo jingine. Ijumaa trekta lingekwenda Kwamgogo kulima shamba la kijiji la mihogo. Sixtus alipopata habari, alikwenda kwa Bernard bila hata kunawa mikono ya shamba.

"Na kaburi la mke wangu?"

Bernard alitazama pembeni. "Trekta halichagui, mzee wangu. Amri imetoka juu."

Juu! Sixtus aliinua macho akatazama juu. Aliona kunguru tu.

Jumatano jioni likaingia gari la sinema kutoka Kibaha. Kijiji kizima kikamiminika uwanja wa shule, kila mtu na kigoda chake. Sixtus naye akaenda, kwa sababu sinema aliipenda, na aliiangalia kama mnunuzi anavyomwangalia mbuzi mnadani: anafunua midomo, anahesabu meno. Safari iliyopita walionyeshwa ile ya askari kanzu na wezi wa benki, naye akasema wazi kwamba haikumtisha hata chembe. Mwizi alijulikana tangu alipovua kofia. Waliobaki kushangaa ni askari peke yao, na askari wa namna hiyo, alisema, hata hapa tunao.

Safari hii ilikuwa ya mzimu. Picha zilisema lugha ya kigeni, kwa hiyo kijana wa gari, Evodius, alisimama na kipaza sauti akifasiri. Ukungu ulitanda kwenye makaburi, ngoma ikaanza kugonga taratibu, jiwe likasogea, na mwanamke wa gauni jeupe akainuka. Watoto walipiga mayowe. Kina mama wakajifunika khanga, wakaacha jicho moja nje. Mwanamke yule alitembea mpaka kijijini kwao, akasimama kwenye mlango wa nyumba moja kubwa, akabisha hodi, akasema maneno. Bwana mnene akafungua, akamwona, akaporomoka kwenye ngazi, akafa.

"Ndugu wananchi!" Evodius akanguruma. "Mwanamke huyu alikufa kwa ujinga wa kukaa porini, mbali na zahanati! Sasa anakula watu!"

Sixtus alikaza macho. Hakuona mtu akiliwa. Alimwona mwanamke anayetetemeka kwa baridi, anahama mlango hadi mlango, na kila mlango anasema maneno yaleyale. Mwisho watu wakamrudisha kaburini, wakagongelea jeneza misumari, wakakumbatiana kwa furaha. Watazamaji wakapiga makofi. Sixtus hakupiga. Aliushika mkeka wake aliokuja nao wa kukalia, akaukunja polepole.

Asubuhi, kabla gari halijaondoka, watu waliitwa barazani kwenye ofisi ya kijiji kutoa maoni. Ndio ulikuwa utaratibu wa gari lile: ukishaona picha, useme umejifunza nini. Bernard alikaa mbele pamoja na Evodius. Walioinuka wote walisema wamejifunza umuhimu wa zahanati. Zahanati yenyewe kijijini ilikuwa msingi tu, mbuzi wanalala ndani yake.

Sixtus akanyanyuka kwenye mkeka wake.

"Shikamoo mzee," Evodius akasema.

"Marahaba, mwanangu. Mimi maoni yangu ni haya. Ile picha ni nzuri mpaka pale penye ukungu. Baada ya hapo mmetudanganya."

Watu wakacheka. Bernard akakohoa.

"Kwanza, kinachotisha mle ni ngoma. Wewe izime ile ngoma, atabaki mwanamke mwenye baridi, hata mtoto wa kunyonya hatamwogopa. Pili, yule mwanamke hakuua mtu. Yupo aliyemwona akiua? Aseme!"

"Yule mnene je?" sauti ikatoka nyuma.

"Yule mnene kaanguka mwenyewe kwenye ngazi zake! Mtu akibisha hodi kwako ukafa kwa woga, ana kosa gani aliyebisha? Ulikuwa na deni naye, ndiyo maana ukaanguka. Mtu asiye na neno anaitikia karibu."

"Mtani," Mwinyimadi akadakia, "na wewe ukija kwangu na kichwa hicho, mimi naanguka bila hata ngazi."

Baraza likavunjika mbavu kwa kicheko. Sixtus mwenyewe alitabasamu, kisha akamgeukia Evodius.

"Mwanangu, nataka kukuuliza. Pale mlangoni yule mwanamke alikuwa anasema nini?"

Evodius alijikuna shingo. Alikuwa kijana wa bara, mstaarabu, na uongo wa mchana ulikuwa mgumu kwake kuliko wa jioni. "Mzee, lugha ile siijui. Mimi nimepewa maneno ya kusema kwa wananchi."

Kicheko kikakatika.

"Basi nitafasiri mimi," Sixtus akasema. "Mtu aliyezikwa, watu wake wakaondoka siku hiyohiyo, matanga hayakukaliwa, kaburi halikufagiwa, huyo ana neno moja tu la kusema. Anauliza kwa nini. Nao wale mabwana, badala ya kumjibu, wakaleta misumari. Ninyi mkapiga makofi. Mwenyekiti, kesho trekta lenu ndilo msumari. Na mimi sikupiga makofi jana, sitapiga na kesho."

"Kaa chini, Mzee Sixtus," Bernard akasema. Sauti ilikuwa ya chini. Kila mtu pale alijua kwamba mama yake Bernard naye alibaki mahameni, kaburi halina hata jiwe.

"Nimekaa miezi yote hii. Chini hasa, kwenye mkeka. Sasa nasimama, nakwenda Kwamgogo."

"Ukienda utashtakiwa. Leo siku ya shamba."

"Nishtaki. Uandike kosa langu: kaenda kumaliza kulia."

Akauweka mkeka begani, akaondoka. Hajafika mbali akasikia kandambili zinakimbia nyuma yake. Alikuwa Laurentia, dada mkubwa wa marehemu, mwanamke aliyekuwa anaogopa hata kivuli cha mgambo. Mkononi kashika ufagio wa ofisi ya kijiji.

"Shemeji, subiri," akasema akihema. "Utafagia wewe? Wewe si ndugu wa marehemu. Unataka kuharibu mara ya pili?"

"Na mgambo je?"

"Wamfuate Petronila huko aliko wakamkamate yeye kwanza. Twende."

Mwinyimadi naye akajitokeza, wembe kautia kwenye kofia. "Matanga bila mtani yanaanuliwaje? Nani atawatukana?"

Walifika Kwamgogo jua linaegemea magharibi. Nyumba hazipo, imebaki mikorosho na vichuguu. Kaburi lilikuwa limezama, limeota majani. Walilala palepale, Sixtus kwenye mkeka wake. Kulipokucha Laurentia akafagia, akifagia na kusema na mdogo wake kwa sauti ya kawaida, kama anayempa habari za mtaani: nani kaolewa, nani kaugua, bei ya sukari. Mwinyimadi akajifunga khanga ya Laurentia, akatembea kwa maringo kama alivyotembea Petronila, akaiga sauti yake: "Weye Sixtus, umekuwa nyani sasa? Ndivyo nilivyokuacha?" Laurentia alicheka mpaka akalia. Sixtus alilia mpaka akacheka. Kisha akainamisha kichwa, shemeji yake akaanza kunyoa, na nywele zikaanguka kwenye udongo, nyeusi kwa nyeupe.

Nusu ya kichwa ilikuwa imeshanyolewa trekta liliposikika. Lilikuja likivunja vichaka, Bernard kasimama pembeni ya dereva, kashika bendera. Likafika kwenye ukingo wa ua wa zamani.

Sixtus hakuinuka. "Endelea, shemeji," akasema. "Usiache kichwa cha mtu njiani."

Dereva akazima injini. Alikuwa mtu mzima. Alilitazama kaburi, akautazama wembe, akavua kofia.

"Mwenyekiti, hapa pana msiba."

"Pitisha trekta," Bernard akasema, ila hakumtazama mtu.

"Sipitishi. Mimi nina mama."

Laurentia akamaliza kunyoa. Sixtus akajipangusa kichwa, akainuka, akaushika mkeka, akaukung'uta vumbi mara moja, akaukunja. Matanga yakawa yameanuliwa. Alimwendea Bernard, kichwa kinang'aa kwa jua la asubuhi, akasimama karibu naye kama mtu anayebisha hodi.

"Sasa mimi sina msiba, Mwenyekiti. Nikifungwa leo nitafungwa nimenyoa. Nina swali moja tu. Siku ile, Jumanne ile, mgambo walisema wameagizwa na wewe. Wewe ulisema umeagizwa na wilaya. Bwana wa wilaya alipopita kijijini nilimuuliza, akasema ameagizwa na walio juu yake. Petronila alikuwa bado mbichi ardhini. Haya, niambie mtu, mwenye jina, mwenye mama na mwenye baba: nani alisema lori lisingoje?"