Fisi Maji wa Nyuma ya Soko

Msusi mmoja mwenye saluni kando ya soko alipachikwa jina la Redio na wateja wake, kwa sababu tangu anafungua mlango asubuhi mpaka anafunga jioni, mdomo wake haukujua likizo. Jina lenyewe alilipenda. Lakini siku alipojiunga na watu wanaojitolea kutunza bwawa la nyuma ya soko, mwenyekiti wao, mwalimu mstaafu, alimvuta pembeni kwa adabu.

"Mama, kwenye kung'oa magugu maji tunakuhitaji sana. Ila zamu ya kutazama wanyama, hapana. Watakusikia kabla hujafika."

"Mwalimu, nikiamua kunyamaza, nanyamaza."

Wifi yake, nesi aliyemshawishi ajiunge, alicheka mpaka akashika mti. "Wifi, wewe hata usingizini unaongea."

Basi akapewa gambuti, akaingia kwenye magugu. Mimea ile ya kigeni ilikuwa imetanda bwawa zima, samaki wakikosa hewa, na mafunjo ya asili yamebanwa ukingoni kama wapangaji waliochelewa kodi. Fisi maji, waliokuwa wakicheza pale miaka ya nyuma, walikuwa hawaonekani tena. Mwalimu alikuwa amekwisha kukata tamaa.

Asubuhi moja Redio alifuata gugu lililojificha nyuma ya mafunjo, huku akimsimulia wifi yake kisa cha bi harusi aliyekoroma kwenye kiti cha saluni. Mara mguu ukazama topeni hadi gotini. Akavuta, gambuti likagoma. Alipofungua kinywa aite msaada, mafunjo mbele yake yakatikisika.

Kikachomoza kichwa bapa, masharubu yakichuruzika maji. Alikuwa fisi maji jike, kambare mdomoni, na nyuma yake watoto wawili wakisukumana.

Redio alifunga mdomo. Maneno yalimjaa kooni, akayameza moja moja. Watoto walimpokonya mama yao samaki, wakavutana. Mmoja akabiringika majini, akarudi kumng'ata mwenzake mkia. Machozi yalimtiririka msusi, asiyafute. Mbu alimtua puani, akamwacha anywe ashibe.

Upande wa pili, wifi yake alishtushwa na ule ukimya. Akaja akinyata, akidhani mwenzake amezirai. Redio akamwonyesha kwa macho tu. Wakasimama wameshikana mikono kama wasichana, mpaka familia ile ikapiga mbizi ikaenda zake.

"Umewaona?" Redio alinong'ona.

"Nimewaona, wifi. Na wewe nimekusikia umenyamaza. Sijui kipi cha ajabu zaidi."

Kicheko chao ndicho kilichowaita wengine. Walimvuta Redio mpaka akatoka, gambuti likabaki huko huko. Mwalimu alipooneshwa nyayo mbichi kwenye tope, ndogo kama viganja vya mtoto, alivua kofia, akachuchumaa, akazigusa taratibu kwa kidole.

"Wamerudi," alisema.

Wiki ile kila aliyeketi kusukwa alihadithiwa kisa cha fisi maji unywele kwa unywele. Muuza samaki akaacha kumwaga taka bwawani. Fundi baiskeli akafunga duka mapema akaulizie zamu. Jumamosi ukingo ulijaa watu, magambuti hayakutosha. Waliokosa walikunja nguo, wakaingia pekupeku, wakitaniana kwa baridi ya maji, na kazi ikaanza.