Mnamshuhudiaje Deputado?

Sala ya maiti ilipokwisha, Mwalimu Saide aligeuka, akawatazama watu wa Kirindi waliosimama safu kwa safu, akauliza kama iulizwavyo kwa kila maiti: "Enyi Waislamu, mnamshuhudiaje ndugu yenu Chaquir?"

Jibu lake hata mtoto wa chuoni analijua. Watu huitikia, "Ni mtu mwema," mara tatu, basi, jeneza likanyanyuliwa. Wezi wameshuhudiwa wema pale. Mlevi mmoja aliyezama na chupa yake mkononi alishuhudiwa wema. Siku ile hakuitikia mtu.

Chamsudine, mdogo wake marehemu, alihisi uso unamwaka. Yeye ndiye mwenye maiti, na aibu ya maiti humkaa nduguye. Kaburi lilikuwa limekwisha chimbwa ubavuni mwa mama yao, Bi Hafsa, kama Chaquir alivyousia hospitalini huko Maputo.

"Mnamshuhudiaje?" Mwalimu akarudia, sauti imeshuka.

"Mwalimu, usituchoshe," alisema Sadique mvuvi, kutoka safu ya nyuma. "Huyu si tumeshamshuhudia mara nne? Kila mara tulichovya vidole kwenye wino. Leo waulize wenziwe wa bungeni."

Wachache walicheka, kisha wakakumbuka walipo.

Chamsudine alitaka kumkaripia. Lakini yale yalikuwa kweli tupu. Mwaka wa tisini na tisa Chaquir aliomba kura kwa miguu, kanzu imelowa jasho, toka Namoto mpaka Quiterajo, akilala kwenye mikeka ya watu. Alipoingia bungeni aliidai shule ya Kirindi mpaka ikajengwa. Huyo alikuwa deputado, mbunge wa kweli! Mara ya pili alileta kisima. Maji yake yalikuwa na chumvi, watu wakamsamehe. Mara ya tatu alileta kapulana zenye picha ya uso wake, wanawake wakajifunga, wakamkalia bila kinyongo.

Kisha gesi ikaonekana huko baharini, na Chaquir akapotea. Alisikika redioni tu, akisema watu wa Kirindi wamekubali kuhama kupisha mitambo ya gesi. Nani aliulizwa? Hata ndugu yake hakuulizwa. Alipokuja kampeni ya mara ya nne alikuja na gari jeupe lenye vioo vilivyofungwa, na wageni wawili. Sadique akasimama mkutanoni kuuliza kama makaburi nayo yatafukuliwa. Chaquir akawatazama wageni wake, akacheka.

"Wafu hawapigi kura, bwana," alisema.

Na mama yake hakuwa ametimiza mwaka kaburini! Chama kikamweka juu kabisa ya orodha, akapita. Hasira za Kirindi hazikufika popote. Baadaye walikuja watu na vipimo, wakapanda mawe mekundu ya saruji katikati ya makaburi, moja likiwa mkono mmoja tu kutoka kichwani pa Bi Hafsa.

Estêvão, mtumishi wa serikali aliyeletwa kutoka kusini, alimsogelea Chamsudine na hotuba yake imekunjwa mkononi.

"Pole sana, senhor Chamsudine. Lakini njia ipo. Kwenye makazi mapya kuna makaburi mapya, yana uzio mzuri. Hapa patasafishwa mwakani. Tukimzika kule, hatasumbuliwa mara mbili."

"Hatasumbuliwa yeye. Na mama?"

"Mama atahamishwa kwa heshima zote. Wako wataalamu."

"Wataalamu wa mama yangu!"



Miaka yote Chamsudine alikuwa akiwajibu watu kwa niaba ya kaka yake: subirini, ana shughuli, atakuja. Sasa kaka amekuja, na bado yeye ndiye wa kujibu.

"Ndugu zangu," alisema, "sitawaomba mseme uongo mbele ya maiti. Mwalimu, usiulize mara ya tatu."

"Azikwe bila ushahidi, Chamsudine?"

"Mungu anamjua. Lakini kuzika ni faradhi, na atazikwa hapa hapa alipotaka. Alisema kufukuliwa si kitu, basi alale na wanaongoja kufukuliwa. Na wewe, senhor, hotuba yako itunze. Siku matingatinga yakija, yaanze na mheshimiwa. Uje umsomee siku hiyo."

"Senhor Chamsudine, nitaandika nini kwa wakubwa?"

"Andika kwamba amefika kwao."

Hakuna aliyesogea. Kisha Sadique alipenya safu, hakumtazama mtu, akashika jeneza upande wa kichwani. Wengine wakafuata, mmoja mmoja, midomo imefumbwa.

"Mzito huyu," Sadique alinong'ona. "Maputo wanakula."

"Beba," alisema Chamsudine.

Aliteremka mwenyewe kaburini. Wakampa ndugu yake, akampokea mikononi, akamlaza ubavu wa kulia kuelekea kibla, akafungua mafundo ya sanda. Alikaa ameinama pale, bega lake likigusa udongo wa upande wa mama. Juu, watu walikuwa wameshika majembe, wakimngoja atoke.