Nozeli za Ndege ya Mzee Kelestini

Siku waliyoifunga ndege kwa minyororo nyuma ya trekta na kuipiga resi mpaka mwisho, Restituta alisimama pembeni, mikono kiunoni, moyo mweupe. Nozeli zote nne, vile vijidomo vinavyoinyunyizia injini petroli, alikuwa amezichagua yeye na kuzifunga yeye. Injini ilianza vizuri, ikatulia kama cherehani. Lakini Mzee Kelestini aliposukuma mkono wa mafuta mpaka mwisho, mngurumo ulipanda, ukakwama, kisha ukaanza kukatikakatika. Bomba la moshi likaiva likawa jekundu.

"Zima, baba! Zima!" Restituta alimpigia mzee kelele.

Mzee akazima. Vumbi la uwanja wa ndege wa Michenga lilipotulia, Restituta alisogea akaliinamia bomba.

"Imekosa mafuta," alisema. "Lakini haiwezekani ikose."

Hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Karakana yake ilikuwa karibu na soko la Ifakara, na nozeli za matrekta na magari ya bonde zima zilipita mikononi mwake. Mzee Kelestini naye alikuwa fundi wa ndege mstaafu. Tangu arudi nyumbani alikuwa akiunda ndege ya watu wawili ndani ya ghala lake la mpunga, na injini aliing'oa kwenye gari la michezo la Kijapani lililokuwa limepinduka. Injini hiyo haikuwa na pistoni hata moja. Ndani yake vilizunguka vyuma viwili vya pembetatu, rota, na kwa kuwa ilikuwa nyepesi yenye nguvu, mzee aliona ndiyo hasa ya kurukia. Karatasi za gari zilisema ni ya cc 1300. Basi Restituta akachukua nozeli za gari dogo la cc 1300. Kulikuwa na nini cha kuumiza kichwa hapo?

Sasa kichwa kilikuwa kinamuuma kweli. Alibadilisha chujio. Akapima pampu, akaikuta nzima. Akamwaga petroli yote akaweka nyingine. Kila walipojaribu, mambo yalikuwa yale yale: chini tamu, juu inakata roho. Alizirudisha nozeli karakanani, akaziwekea chupa za plastiki, kila moja na yake, akatazama zinavyojaa. Zilijaa sawasawa, kama mapacha.

"Labda ni moto wa plagi," alisema Mzee Kelestini.

"Asubuhi ulisema hewa."

"Asubuhi nilikuwa na uhakika. Sasa hivi sina."

Jambo lililomnyima Restituta raha halikuwa injini yenyewe. Rubani wa kuijaribu alikuwa Wilhelmina, binti wa mzee, aliyekuwa akirusha watalii huko Arusha na sasa amekuja likizo. Yeye na Restituta walikuwa wamekaa dawati moja tangu darasa la kwanza. Kibali cha majaribio kilikuwa kimeshatoka. Mzee alitaka ndege iwe tayari kabla ya mvua, maana mafuriko yakikata barabara ya kijiji cha Mofu hakuna dawa inayofika kule, wala mgonjwa anayetoka.

"Resti, usiniangalie hivyo," Wilhelmina alimwambia. "Siijaribu mpaka wewe useme sawa."

"Ndiyo maana nakuangalia hivi. Sijui nitasema lini."

Siku iliyofuata Restituta alipata wazo. Alichomoa betri, akafungua mlango wa hewa wa rota moja, akaubana kwa kiganja. "Zungusha propela kwa mkono, taratibu," alimwambia Wilhelmina. "Nataka kuisikia inavyovuta pumzi."

Silinda ya gari la kawaida huvuta hewa mara moja kila shafti, ule mhimili wa injini, inapozunguka mara mbili. Hilo alilijua usingizini. Lakini propela ilipozunguka mara mbili, kiganja chake kilivutwa, kikaachiwa, kikavutwa tena, na tena, na tena. Alipoteza hesabu. Akaanza upya. Mara tano, na karibu ya sita.

"Rudia."

Ikawa vile vile. Restituta akaondoa mkono akautazama kana kwamba si wake. Injini hii ilikuwa inavuta hewa karibu mara sita ya alivyodhani! Inawezekanaje? Lakini mkono haukuwa na sababu ya kumdanganya. Akapiga simu Morogoro, na basi la kesho yake likaleta nozeli kubwa za gari la mashindano, kubwa kuliko zote alizowahi kushika.

Walipowasha, injini ilikohoa moshi mweusi, ikatetemesha ndege nzima, ikazima. Plagi zilipofunguliwa zilikuwa zinachuruzika petroli.

"Kwanza ilikufa kwa njaa," alisema Restituta, "sasa inakufa kwa shibe." Aliketi kwenye tairi la trekta. Alitamani kwenda nyumbani kukaanga samaki, asisikie tena neno rota.

Mzee Kelestini alijikuna kidevu. "Mwanangu, ile hesabu yako uliifanya kwa kuzungusha nini?"

"Propela."

"Ukahesabu mizunguko ya propela?"

"Ya propela, ndiyo. Si ndiyo shafti hiyo hiyo?"

Mzee alinyoosha kidole kwenye pua ya ndege. "Kuna giaboksi pale mbele. Niliiunda mimi. Propela ikizunguka mara moja, shafti imeshazunguka karibu mara tatu."

"Na wewe ulikuwa umekaa pale pale unanitazama!"

"Nilidhani unajua."

"Baba, na mimi nilidhani wewe unajua kwamba sijui!"

Wilhelmina alicheka mpaka akashika ubawa asianguke. Restituta hakucheka. Alikuwa anapiga hesabu upya kwa vidole, midomo ikicheza. Si mara sita, basi. Ni mara mbili. Kila shafti inapozunguka, kila rota inavuta mara moja, wakati silinda husubiri mizunguko miwili. Kwa hiyo inakula kama injini ya cc 2600.

"Sasa kwa nini wameiandika 1300?" aliuliza.

"Waulize Wajapani," mzee akajibu.

Alitafuta nozeli za gari la cc 2600, kisha akapanda kidogo juu ya hapo. Gari hukanyagwa mpaka mwisho kwa muda mfupi tu, lakini ndege hupanda hivyo hivyo mpaka juu, na nozeli inayomwaga mfululizo bila kupumzika hushindwa kutoa mafuta ya kutosha. Safari hii, kwenye minyororo, mngurumo ulipanda ukabaki juu. Bomba halikuiva. Walisubiri liive. Halikuiva.

"Sawa?" Wilhelmina aliuliza.

Restituta alilitazama bomba tena. Hesabu mbili za kwanza nazo zilikuwa zimemkalia sawa kichwani. "Sawa," alisema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe.

Asubuhi yenye ukungu mwepesi kwenye milima ya Udzungwa, ndege ilikimbia juu ya nyasi, ikaachana na ardhi. Ilipita juu ya mashamba yaliyovunwa, ikageukia mtoni, ikapotea. Mngurumo nao ukapotea. Mzee Kelestini alimshika Restituta mkono bila kujua kuwa amemshika. Kila pikipiki iliyolia barabarani waliigeukia.

Kisha ilitokea upande ambao hawakuutazamia kabisa, ikashuka, ikadundadunda, ikasimama. Wilhelmina aliruka chini jasho likimtoka, akawakumbatia wote wawili kwa pamoja.

"Juu ni asali tupu," alisema. "Ila nilipopunguza mafuta nitue, ilikohoa. Kidogo tu."

"Ilikohoa vipi?" Restituta aliuliza haraka. "Kwa njaa au kwa shibe?"

"Resti, nimeruka! Nimetua!"

"Nimeona. Vipi ilikohoa?"

Wilhelmina alijaribu kuiga kwa mdomo. Mzee akasema siyo, ilikuwa hivi, naye akaiga kivyake. Restituta aliwasikiliza wote wawili, machozi yakimlengalenga, spana tayari mkononi, asijue acheke kwanza au afungue nozeli.