Fomu Iliyolala Kwenye Droo

"Hivi jirani, huyo mwanao miaka yote hiyo jeshini, hata nyota moja ya begani hajapata?"

Aliyeuliza ni mama wa nyumba ya pili, siku Sajini alipokuja likizo. Mama yake Sajini alicheka tu, akajibu kwamba Mungu hachelewi. Lakini Sajini alikuwa ndani ananawa uso, na swali lile lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Aliporudi kambini alijaza fomu ya kuomba kozi ya uofisa.

Alikuwa ametumikia miaka kumi na mmoja, tangu ukuruta wa kufyeka nyasi. Fomu ilitaka mwombaji wa vyeo vya chini awe hajatimiza miaka thelathini na mbili. Yeye alibakiza miezi kumi. Ni mwaka huo au basi tena.

Jeshini karatasi hupanda ngazi kwa ngazi. Kwanza Kapteni wa kombania aandike maoni yake, ndipo iende makao makuu. Na ukiulizauliza imefika wapi, unaambiwa huna nidhamu. Sajini akanyamaza miezi kumi mizima. Nyumbani, mama yake akawa anafunga siku moja kila wiki, akimwombea.

Majina yakabandikwa ubaoni. Sajini aliyasoma mara mbili, mara ya tatu kwa kidole. Lake halikuwemo. Akamwendea karani wa kombania, mzee waliyempachika jina la Muhuri.

"Mzee Muhuri, nimekataliwa kwa kosa gani?"

Karani akachungulia mlangoni kwanza. "Hujakataliwa, mwanangu. Aliyekataliwa huletewa barua. Yako haijatoka jengo hili. Usiniponze, lakini kamuulize mwenye droo."

Kapteni alikuwa anakunywa chai. Miaka sita nyuma alikuja kikosini akiwa luteni mpya, ramani anaishika kichwa chini miguu juu, akaipoteza platuni nzima porini. Sajini, wakati huo koplo, ndiye aliyewatoa. Akamfundisha ramani mpaka akaiva, wala hakumsema kwa mtu.

"Afande, naomba kujua habari ya fomu yangu."

Kapteni akafungua droo kwa ufunguo mdogo wa shaba, akaivuta, hata aibu hana. Fomu ilikuwemo, pembeni ina alama ya kidole cha Sajini chenye mafuta ya bunduki, ya siku ile alipoijaza. Sehemu ya maoni ilikuwa nyeupe pe.

"Sikukukatalia, Sajini. Niliiweka tu. Wewe ndiye bora kuliko wote hapa. Ukienda, nani atanishikia kombania?"

"Ungeandika hivyo hivyo, afande."

"Hivyo vipi?"

"Kwamba mimi ni bora kuliko wote."

Kapteni akacheka, akadhani ni utani.

"Jumamosi iliyopita nilitimiza thelathini na mbili, afande."

"Ehe! Hongera." Akapuliza chai yake. "Usininunie, bwana. Uofisa wenyewe maumivu ya kichwa matupu. Nitakuombea ngazi moja juu huko huko kwenu kwenye vyeo vya chini, mambo yaishe. Tena Jumatatu naletewa maluteni watatu, wabichi kabisa. Wapike kama ulivyonipika mimi."

Mikono ya Sajini ilitaka kuipindua ile meza, na chai yake, na droo yake. Alimwona mama yake amepiga magoti, tumbo tupu, wiki baada ya wiki, akimsihi Mungu afungue jambo ambalo Mungu hakulifunga. Lilifungwa na mtu mmoja, mvivu wa kufundisha, kwa ufunguo mdogo wa shaba.

Akanyoosha mkono, akaichukua fomu yake drooni.

"Hiyo ni mali ya ofisi," Kapteni akasema, sasa hacheki. "Sajini! Nimesema Jumatatu. Umenisikia?"

Sajini akaikunja fomu, akaitia mfukoni. Hakupiga saluti. Akageuka, akapita mbele ya Mzee Muhuri aliyeinamia makaratasi yake, akatoka.